Kengele ya simu isipotezwe bure: tovuti za habari ziombe ruhusa kwa heshima

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wenye simu ya Android wanakijua kile kidirisha. Mtu anafungua habari aliyotumiwa na rafiki, mega zenyewe zimebaki kidogo, na hata kabla hajasoma mstari wa kwanza, swali linaruka juu ya kioo: tovuti hii inataka kukutumia arifa. Chini yake kuna vitufe viwili, Autoriser na Bloquer, maana simu nyingi za huku zinaongea Kifaransa. Mtu ana haraka. Anafinya kimoja ili swali litoke mbele ya macho yake, kisha anasahau.

Neno hilo linaonekana dogo, lakini siyo dogo. Aliyefinya Bloquer amefunga mlango ambao tovuti ile haitaweza kuufungua tena yenyewe. Aliyefinya Autoriser bila kuelewa amempa mtu asiyemjua kengele ya kupiga ndani ya nyumba yake, mchana na usiku. Katika jimbo ambako mlima unatema moto, mito inabeba vijiji na barabara inafungwa bila taarifa, kengele hiyo ni mali ya watu wote. Tovuti za habari za hapa, za redio, za mashirika na hata za ofisi za serikali, zinaitumia kama mchezo wa kuvuta wasomaji. Wakati umefika ziache.

Nini kinatokea mtu akikubali

Kabla ya kulaumu, inafaa kueleza kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi wanadhani arifa ni SMS nyingine. Si SMS, na haipiti kwa namba ya simu. Tovuti haihitaji kujua namba ya mtu wala jina lake.

Mtu anapofungua tovuti yenye huduma hiyo, programu yake ya intaneti, kama Chrome au Firefox, inapokea kipande kidogo cha programu kinachobaki ndani ya simu. Hicho ndicho mlinzi anayengoja hata wakati ukurasa umefungwa. Mtu akifinya Autoriser, programu ya intaneti inatengeneza anwani ndefu ambayo ni ya simu ile na tovuti ile peke yake, pamoja na funguo za kuficha maandishi. Tovuti inaandika anwani hiyo katika daftari lake. Hapo mtu amekuwa mwandikishwa.

Siku kuna habari, tovuti inatuma ujumbe kwa anwani hiyo. Ujumbe haufiki moja kwa moja. Unapita kwanza kwa tarishi mkubwa: Google kwa wenye Chrome, Mozilla kwa wenye Firefox, Apple kwa wenye iPhone. Tarishi hawezi kusoma maandishi, kwa kuwa yamefungwa kwa funguo ambazo ziko ndani ya simu. Anachokijua ni kwamba tovuti fulani imetuma kitu kwa simu fulani saa fulani. Kisha simu inalia au inatetemeka, na maneno yanashuka kutoka juu ya kioo.

Njia hii haina miaka mingi. Chrome iliianza Aprili 2015, Firefox ikafuata Januari 2016. Wenye iPhone walingoja hadi Machi 2023, na hata leo wanaipata tu kama wameiweka tovuti kwenye kioo cha mwanzo cha simu kama programu. Ujumbe wenyewe ni mwepesi. Kipimo ambacho matarishi wote wanapaswa kukipokea ni baiti 4096, yaani maneno ya ukurasa mmoja au miwili bila picha. Mega 1 ingebeba zaidi ya ujumbe 200 wa ukubwa huo. Kwa mtu anayenunua mega za siku moja, hakuna njia nyingine ya habari kwenye intaneti iliyo rahisi namna hiyo. Video moja ya dakika tatu iliyosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp inakula zaidi ya arifa za mwaka mzima.

Ndiyo sababu inaumiza kuona chombo kizuri hivi kinavyoharibiwa.

Kwa nini watu wanafinya Bloquer

Mwaka 2019, Mozilla, wenye Firefox, walichunguza jinsi watu wanavyojibu swali hilo. Walikuta kwamba karibu 99 kwa 100 ya maswali hayo hayakukubaliwa, na karibu nusu yalikataliwa waziwazi. Kwa hiyo, tangu Januari 2020, Firefox haionyeshi tena swali hilo mpaka mtu aguse mwenyewe kitu kwenye ukurasa. Mwezi uliofuata, Chrome nayo ilianza kulinyamazisha swali kwa watu waliozoea kukataa na kwa tovuti ambazo karibu kila mtu anazikatalia.

Hiyo ni hukumu ya ulimwengu mzima, na sababu yake haifichiki. Mgeni anayebisha hodi na kuomba ufunguo wa nyumba kabla hata ya kusalimia, atafukuzwa. Tovuti inayouliza sekunde ya kwanza inafanya vilevile. Msomaji hajui ni nani anayemuuliza, atatumiwa nini, mara ngapi kwa siku, wala kwa lugha gani. Jibu la mtu mwenye akili ni hapana.

Juu ya hayo, kuna wadanganyifu. Mtu anatafuta sinema au nyimbo za bure, anaangukia ukurasa unaosema: finya Autoriser kuonyesha kwamba wewe si roboti. Anafinya. Kuanzia siku hiyo simu inalia usiku na mchana: simu yako ina virusi, umeshinda zawadi, cheza kamari hapa, kuna msichana anayekungoja. Mama mwenye duka anaipeleka simu kwa fundi akidhani imeingiwa na ugonjwa. Fundi mwaminifu anaingia kwenye mipangilio ya Chrome, anafungua sehemu ya arifa, anaondoa ruhusa ya tovuti ile, na kazi imeisha kwa dakika mbili. Fundi asiye mwaminifu anafuta simu nzima na kudai franka.

Anayekuwa ameponyoka hapo hatasikiliza tena swali lolote la namna hiyo. Atafinya Bloquer kwa wote, mwizi na mwema. Na tovuti ya redio ya mtaa, inayouliza kwa maneno yaleyale, kwa sekunde ileile na kidirisha kilekile, haijampa sababu yoyote ya kuitenga na wezi.

Mlima hauna subira

Siku ya posho tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ulipasuka. Watu wa Goma waliona anga jekundu kabla ya kusikia neno rasmi. Wengine walishika barabara ya Sake, wengine walivuka mpaka wa Rwanda, wengine walibaki wakipiga simu kwa ndugu kuuliza moto umefika wapi. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Ardhi ikaendelea kutikisika siku zilizofuata, na alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru kata 10 za mji zihamishwe. Watu kwa mamia ya maelfu wakatoka, wengi bila kujua ni kata gani hasa zilizotajwa na ni njia gani iliyo salama.

Kati ya siku hizo mbili, uvumi ulikuwa mwingi kuliko moto. Kwenye WhatsApp zilipita picha za mwaka 2002, zilipita sauti za watu wasiojulikana wakisema gesi itatoka ziwani saa fulani, zilipita ramani zilizochorwa na nani hakuna ajuaye. Ujumbe uliotumwa na mtu kwa mtu hauna mama wala baba. Aliyeusambaza ni jirani, lakini aliyeutunga hajulikani.

Hapa ndipo arifa ya tovuti ina nguvu yake. Inakuja ikibeba jina la tovuti iliyoituma. Haiwezi kusambazwa ikabadilishwa njiani, kwa kuwa tovuti inaifunga kwa funguo za simu ile kabla tarishi hajaipokea. Anayefinya ujumbe anaingia moja kwa moja kwenye habari nzima, penye saa na penye jina la ofisi iliyosema. Ni karibu na mlio wa redio unaojulikana na kila nyumba kuliko kelele za kikundi cha WhatsApp.

Lakini ili kengele isaidie siku ya mlima, lazima iwe imewekwa kabla, na lazima iwe bado inaheshimiwa. Hakuna anayejiandikisha katikati ya kukimbia. Na aliyepigiwa kengele mara 12 kwa siku juu ya mchezaji aliyebadilisha timu au mwanasiasa aliyerudi kutoka Kinshasa, siku ya mlima ataisikia akiwa amelala na kusema: ni wale tena. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.

Si mlima peke yake. Usiku wa tarehe 4 Mei 2023, mvua iliangusha vilima na mito juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ukingoni. Hakuna anayeweza kusema kwamba arifa ingeokoa wote hao. Mtu asiye na simu, asiye na umeme, asiye na mtandao, haokolewi na kidirisha cha Chrome. Lakini habari ya mvua kubwa mlimani au ya mawimbi ziwani ni maneno machache ambayo hayafiki kwa wakati, na hapa kuna chombo cha kuyafikisha kwa bei karibu ya bure.

Ujumbe uliochelewa ni hatari pia

Kuna jambo ambalo wengi wenye tovuti hawalitazami, na ndilo lenye hatari kubwa. Simu nyingi za huku hazikai hewani saa zote. Betri inaisha, umeme unakatika, mwenye simu anazima data ili mega zisiishe. Ujumbe uliotumwa wakati huo haupotei. Tarishi anauweka, na kwa Google anaweza kuuweka hadi wiki 4.

Fikiria basi ujumbe unaosema: wakaaji wa kata hii waondoke mara moja. Umetumwa siku ya kwanza saa nne usiku. Mtu anawasha simu yake siku ya tatu asubuhi, hatari imekwisha pita, familia imesharudi, na kengele inalia: ondokeni. Katika mji uliozoea kukimbia, ujumbe mmoja wa namna hiyo unatosha kujaza barabara watu na kutenganisha watoto na wazazi wao.

Dawa ipo, na haidai franka. Anayetuma anaweza kuandika ujumbe utaishi muda gani: saa moja, saa sita, siku moja. Ukipita muda huo, tarishi anautupa. Anaweza pia kuupa ujumbe jina la mada, ili tangazo jipya lichukue nafasi ya lile la zamani linalongoja, mtu akiwasha simu apate neno la mwisho tu. Na anaweza kuandika kiwango cha haraka. Android huilaza simu iliyotulia ili kulinda betri. Ujumbe wa haraka kubwa unaweza kuiamsha, ujumbe wa kawaida unangoja. Hayo matatu, muda, mada na haraka, yameandikwa katika kanuni za kimataifa za huduma hii tangu Desemba 2016. Tovuti inayotuma kila kitu kwa kipimo kimoja, tangazo la mazishi na tangazo la mlima, haijajifunza kazi yake.

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa wazo hili. Wanazijua rangi za mlima: kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Rangi hizo zilibuniwa kwa sababu ofisi ya uchunguzi wa volkano haiwezi kupiga kelele kila siku na bado ikaaminiwa. Tovuti za habari zingeweza kuchukua kipimo hichohicho. Kijani: habari za kawaida, hazilii kabisa, zinangoja msomaji kwenye ukurasa. Manjano: ujumbe mmoja wa kimya kwa siku, wenye muhtasari. Chungwa: simu inalia mchana, kwa mfano RN2 imefungwa, bandari imesimamisha mashua, mtihani wa serikali umeahirishwa. Nyekundu: simu inalia saa yoyote, hata usiku, na inatumwa tu baada ya kuthibitishwa na ofisi yenye kazi hiyo na kusomwa na watu wawili wa chumba cha habari. Nyekundu ikitumika mara mbili kwa mwaka, mwaka huo umekuwa mbaya.

Bariere, mahali pa kuchaji, na simu ya jamaa

Upande mwingine wa ruhusa ni usalama wa mwenye simu. Wanaotengeneza huduma hizi huko Marekani na Ulaya wanafikiria simu moja kwa mtu mmoja, iliyo mfukoni mwake. Huku mambo si hivyo.

Simu moja inashikwa na baba asubuhi, na binti baada ya shule, na shangazi jioni. Simu inaachwa kutwa nzima mahali pa kuchaji, imepangwa mezani pamoja na nyingine 40, kioo juu. Mwenye motari anaitoa simu yake mfukoni kwenye bariere na mtu mwenye silaha anaitazama. Arifa haiulizi ni nani anayetazama. Inashuka juu ya kioo hata kama simu imefungwa, pamoja na jina la tovuti na kichwa cha habari.

Mahali ambapo jina la tovuti moja linaweza kumfanya mtu aonekane ni wa upande huu au upande ule, kichwa cha habari kilichoandikwa kwa hasira ili kuvuta macho kinaweza kumletea msomaji taabu ambayo mwandishi aliyekaa ofisini hataijua kamwe. Binti aliyejiandikisha kwenye tovuti ya kituo cha wanawake waliotendewa ukatili anaweza kusomwa na yule aliyemtendea. Mgonjwa anayekumbushwa siku ya kuchukua dawa zake anaweza kufunuliwa mbele ya kundi la watu wanaochaji simu.

Kwa hiyo maneno ya arifa yanapaswa kuandikwa kama maneno yatakayosomwa na watu wote. Tangazo la mlima liseme lote, maana ni la wote. Habari ya vita au ya siasa iseme kidogo: kuna habari mpya ya usalama, fungua usome. Huduma ya afya isitaje ugonjwa. Na kabla mtu hajakubali, aambiwe waziwazi kwamba maneno yataonekana hata simu ikiwa imefungwa. Kongo ina Kanuni ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na kanuni hiyo inataka mtu akubali mwenyewe kabla habari zake hazijatumiwa. Kukubali bila kuelezwa si kukubali.

Wanaopinga wana neno

Wenye tovuti wana majibu yao, na baadhi yana uzito.

Wanasema kwanza kwamba bila arifa nyingi hawana wasomaji, na bila wasomaji hawana matangazo ya biashara wala msaada wa wafadhili. Redio za jamii zinaishi kwa shida, hilo ni kweli, na waandishi wengi hawalipwi kila mwezi. Lakini hesabu yao imegeuka juu chini. Tovuti inayouliza kila mgeni kwa nguvu inajaza daftari lake watu waliofinya bila kujua, ambao wataondoa ruhusa wiki hiyohiyo, na inawafukuza milele wale waliofinya Bloquer. Waandikishwa 300 wanaofungua kila ujumbe wana faida kuliko 5000 waliochoka.

Wanasema pia kwamba watu wengi vijijini wana simu ndogo za vitufe, na redio ndiyo inayofika. Hilo nalo ni kweli kabisa. Arifa haiwezi kuchukua nafasi ya redio. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti na SMS vilikatwa nchini kwa karibu wiki 3. Kwa siku hizo arifa zote zilikuwa bure, na redio ya FM ndiyo iliyobaki. Lakini mtu mmoja mwenye simu kubwa katika avenue anatosha kuwaambia majirani kumi wawashe redio. Vyombo hivyo viwili si wapinzani. Arifa iseme: sikiliza redio sasa, kuna tangazo. Redio iseme: ukitaka kuamshwa usiku siku ya hatari, jiandikishe hivi.

Wengine wanasema Facebook na WhatsApp zimeshafanya kazi hiyo. Facebook haimwonyeshi mtu habari kwa saa ya kutokea, inampangia kama inavyotaka yenyewe. WhatsApp, kama ilivyoelezwa, inabeba ukweli na uongo katika kikapu kimoja. Chombo cha habari kinachokabidhi sauti yake yote kwa kampuni hizo kimepangisha nyumba yake mwenyewe.

Kinachotakiwa kufanywa

Hakuna haja ya kungoja sheria mpya wala mfadhili kutoka ng'ambo. Fundi mmoja wa kompyuta anayejua kazi yake anaweza kurekebisha hayo kwa siku chache.

La kwanza, swali la Chrome lisionyeshwe mgeni anapoingia. Tovuti iweke kitufe chake yenyewe, chini ya habari, chenye maneno ya Kiswahili yanayoeleweka: Upate tangazo la hatari kwenye simu hii. Ujumbe hautazidi mmoja kwa siku, ila siku ya hatari. Unaweza kujiondoa wakati wowote. Anayependa afinye, ndipo kidirisha cha Autoriser na Bloquer kije. Hivyo asiyetaka anapita bila kufunga mlango, na siku nyingine anaweza kubadili wazo. Hilo moja tu linaondoa nusu ya ubaya.

La pili, mtu achague. Aliye Uvira hana kazi na mlima wa Goma, aliye Bunia hana kazi na mashua za Kituku. Ukurasa wa kujiandikisha uwe na mahali, mambo na lugha: Kiswahili, Kifaransa, na pale inapowezekana Kinande, Mashi au Kinyarwanda. Mtu aliyechagua mwenyewe haoni arifa kama kelele.

La tatu, mlango wa kutoka uwe mkubwa kama wa kuingia. Karibu tovuti zote zinajua kuandikisha, chache zinaonyesha jinsi ya kujiondoa. Kitufe cha kujiondoa kiwe palepale. Na daftari lisafishwe: tarishi akijibu kwamba anwani imekufa, kwa sababu simu imeibwa, imeharibika au mtu ameondoa ruhusa, tovuti iifute. Anwani za watu si mali ya kuhifadhi wala kuuza.

La nne, funguo zilindwe. Anayeshika ufunguo wa tovuti na daftari lake anaweza kutuma uongo kwa maelfu ya simu kwa jina la redio inayoaminika. Katika mji wenye hofu, hilo ni sawa na kuiba kipaza sauti cha studio. Ijulikane ni nani anayeshika funguo, wawili na si mmoja, na mtu akiacha kazi funguo zibadilishwe.

La tano, redio zenyewe ziwafundishe wasikilizaji. Kipindi cha dakika 10 kinatosha kueleza tofauti ya Autoriser na Bloquer, jinsi ya kuondoa ruhusa ya wadanganyifu katika mipangilio ya Chrome, na kwa nini hakuna ukurasa wa kweli unaomtaka mtu akubali arifa ili aonyeshe kwamba si roboti. Wanafunzi, wauza yunite na mafundi wa simu sokoni ndio walimu wa kwanza wa jambo hili, waalikwe studioni.

La mwisho linawahusu wakubwa. Ofisi ya uchunguzi wa volkano, ulinzi wa raia, wakubwa wa bandari na wa afya wana habari zinazookoa, lakini mara nyingi habari hizo zinatoka kama barua iliyopigwa picha, yenye muhuri na sahihi, isiyosomeka kwenye kioo kidogo. Waandike pia mistari miwili ya Kiswahili safi: nini kinatokea, wapi, mtu afanye nini, hadi saa ngapi. Vyombo vya habari vikutane navyo sasa, wakati mlima umetulia, kukubaliana nani anasema nyekundu na nani anaitangaza. Siku moshi utakapobadilika rangi, hakutakuwa na nafasi ya mkutano.

Kidirisha kile chenye vitufe viwili kitaendelea kuruka juu ya vioo vya simu. Msomaji akiulizwa vizuri, na asipodanganywa baada ya kukubali, atafinya Autoriser kwa moyo wake. Akichezewa, atafinya Bloquer, na hakuna wa kumlaumu. Kosa litakuwa la wale waliopewa kengele ya mji wakaigeuza filimbi ya kuuzia maandazi.